Bhutta nyumbani: mkaa, gesi, oveni au tawa?

Kusi ile ile iliyokuwa ikisukuma majahazi kutoka Lamu na Zanzibar kwenda Gujarati ndiyo inayoipelekea Uhindi mvua zake, kuanzia Juni hadi Septemba. Na mvua zikishaanza, hindi la kuchoma linajitokeza barabarani. Mumbai utalikuta ufukweni Juhu na kando ya Marine Drive, Delhi karibu na India Gate, na kwenye vilima vya Lonavala kila kona ya barabara ina mtu na jiko lake.

Mimi nililijulia Pune, nilikosoma miaka mitatu. Jumapili tulikuwa tukipanda ngome ya Sinhagad, na njia nzima wamekaa akina mama wa vijijini chini ya maturubai, kila mmoja na sigri yake, yaani jiko dogo la chuma la mkaa. Mama anarudisha maganda nyuma, anabonyeza punje moja kwa ukucha wa kidole gumba, anakuuliza unataka laini au gumu. Analilaza hindi juu ya makaa, mkono mmoja unapepea, mwingine unageuza, cheche zinaruka. Likiiva anachukua nusu ya ndimu, anaichovya kwenye kisahani cha chumvi na pilipili nyekundu, halafu analisugua hindi kutoka kitako hadi ncha, mara mbili, mara tatu, ndimu ikichachatika kwenye punje za moto. Anakukabidhi likiwa limelala ndani ya ganda lake lenyewe. Kihindi wanaliita bhutta.

Kwa mtu wa pwani hili si geni. Nenda Mama Ngina, Mombasa, jioni yoyote, utapakwa pilipili na ndimu vilevile. Kwa hiyo wanaoniuliza kuhusu bhutta hawana shaka na ladha yake. Swali lao ni moto: naishi gorofa ya nne, nina gesi ya mtungi, nina oveni lakini sina ua, niko Muscat na jiko la umeme tupu. Nichomee nini? Nimechoma kwa njia zote nne nitakazozieleza, na kila moja ina nyumba inayoifaa.

Nimelinganisha kwa mambo gani

La kwanza ni makovu na moshi. Bhutta zuri lina madoa meusi yaliyotawanyika. Kama punje moja katika kila tano au sita imeungua ncha, na zilizobaki zimeshika rangi ya dhahabu, umefika. Uchungu mdogo wa madoa hayo ndio unaosimama na ndimu. Likiwa jeupe lote umekula hindi la kuchemsha, na likiwa jeusi lote umekula masizi.

La pili ni hali ya punje kwa ndani: imeiva na ina maji yake, au imesinyaa na kuwa kama ngozi?

La tatu ni muda na wingi. Kumchomea mtu mmoja na kuwachomea wanane ni kazi mbili tofauti kabisa.

La nne ni usumbufu, na humo nimeweka vyote: moshi, kusafisha, gharama na hatari.

Masala sikuyatia katika ulinganisho kwa kuwa ni yaleyale kwa moto wowote. Yana sehemu yake huko chini.

Kwanza hindi, ndipo moto

Hindi linaanza kugeuza sukari yake kuwa wanga tangu saa linapovunjwa shambani, na joto huharakisha mambo. Ndiyo maana hindi la jana lililoshinda juani halirudi kuwa tamu hata ulichome kwa ustadi gani. Nunua la leo, likiwa na maganda mabichi na ndevu zenye unyevu, na usilimenye mpaka moto uwe tayari.

Kisha fanya kama yule mama: bonyeza punje kwa ukucha. Yakitoka maji maangavu, hindi bado changa. Yakitoka meupe kama maziwa, ndilo hilo. Usipopata maji, ukakuta ndani pako kama unga uliokandwa, limekomaa. Litachomeka, lakini linataka taya na linataka moto wa taratibu.

Uhindi wauzaji wengi wa siku hizi wana aina mbili. Lipo la kienyeji, wanaliita desi, punje nyeupe au njano hafifu, la kutafuna. Na lipo wanaloliita la Kimarekani, lile la njano iliyokolea, tamu, lenye ngozi nyembamba. Hindi letu la kawaida la Tanzania na Kenya liko karibu zaidi na desi, kwa hiyo aliye huku ana hindi sahihi mkononi bila kutafuta. Aliye Ulaya au Ghuba kwa kawaida atapata lile tamu tu. Jambo hili linabadilisha uchaguzi wa moto: hindi tamu linataka moto mkali wa haraka kabla halijapoteza maji, na la kienyeji linataka muda. (Jina letu lenyewe, hindi, linaelekeza Uhindi, ingawa mmea huu asili yake ni Amerika na ulifika mwambao wa Bahari ya Hindi katika zama za Wareno. Wagujarati wao husema makai.)

Jiko la mkaa

*Makovu na moshi.* Hapa ndipo bhutta lilipozaliwa, na kwa harufu hakuna njia nyingine inayolifikia. Kaa likiiva linatoa joto kavu lisilo na mwali, linaupiga uso wa punje moja kwa moja. Vijinywele vya hindi na vipande vya ganda vinavyodondoka juu ya makaa ndivyo vinavyofuka na kulipa hindi moshi wake.

Siri iko kwenye kipepeo. Siku moja mvua ilitufungia chini ya turubai la mama mmoja Sinhagad karibu saa nzima, nikapata nafasi ya kumtazama. Hakupepea mfululizo hata mara moja. Alipepea mara tano au sita za haraka, makaa yakageuka ya chungwa, akaacha, akasikiliza. Punje ya kwanza ilipopasuka, tak, akageuza robo duara. Akapepea tena. Kupepea kunaweka kovu, na kule kuacha kunaivisha ndani. Mtu anayepepea bila kupumzika hupata hindi jeusi lenye punje mbichi, na wengi wetu hukosea hapo.

*Punje.* Ukifuata mwendo huo, ndani hubaki laini. Hindi lililokomaa lichome kwanza dakika kumi likiwa na maganda yake mawili matatu ya ndani, lijipike kwa mvuke wake, ndipo ulimenye na kulimalizia wazi juu ya makaa.

*Muda na wingi.* Mkaa wenyewe unataka dakika 20 hadi 25 mpaka uvikwe majivu meupe. Usianze kabla ya hapo, maana moshi wa mkaa ambao haujashika vizuri ni mchungu. Kuanzia hapo, hindi changa ni dakika 8 hadi 10, gumu hadi 15. Jiko la kawaida la nyumbani hubeba matatu au manne, na ukiwa na waya mpana juu ya jiko kubwa unachoma kumi bila shida.

*Usumbufu.* Kuwasha ni kazi. Usiwashe kwa plastiki wala kumwagia mafuta ya taa, kwa sababu harufu yote inahamia kwenye hindi, na ndimu haiifichi. Vifuu vya nazi au magunzi makavu vinatosha kuanzisha. Kisha nakusihi, usichome kwa mkaa ndani ya nyumba. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wamelala na jiko chumbani wasiamke. Dirisha lililo wazi halitoshi kukuhakikishia usalama. Ukimaliza, zima makaa hukohuko nje. Jiko lenye kaa hai lisiingie ndani hata likionekana limepoa.

*Inamfaa nani.* Mwenye ua au uwanja, wageni wengi, na jioni isiyo na haraka. Pia mtu aliyewahi kulila bhutta kule Uhindi na anataka lile lile.

Moto wa gesi

*Makovu na moshi.* Makovu utayapata, tena kwa kasi, ila moshi hutaupata. Gesi inaungua bila kuacha harufu kwenye chakula. Familia nyingi za mijini Uhindi huchoma hivi hivi, hindi juu ya mwali au juu ya wavu mdogo wa waya wenye mshikio, ule wanaochomea papad, vile vikate vyembamba vikavu vya unga wa dengu. Hatari ni moja: mwali unatia weusi upesi kuliko punje inavyoiva. Weka moto wa kati, ncha za mwali zilambe hindi kidogo tu, na ugeuze kwa koleo kila baada ya nusu dakika. Ukiona sehemu imeshaungua, iondoe usoni pa moto, usiirudie.

*Punje.* Hindi changa linaiva vizuri bila msaada. Lililokomaa halitaiva ndani kabla nje halijawa makaa, kwa hiyo lichemshe kwanza. Dakika 15 kwenye maji yanayotokota, au filimbi mbili za sufuria ya presha. Likaushe sawasawa kwa kitambaa kabla ya kuliweka motoni, kwani hindi lenye maji hufuka tu na halishiki kovu. Ukipenda, lipake samli kidogo sana baada ya kukauka. Kidogo sana, narudia, kwa sababu samli ikidondoka mwali unaruka.

*Muda na wingi.* Dakika 7 hadi 10 kwa hindi moja, na unaweza kuchoma moja kwa kila jiko. Kwa watu wawili ni chakula cha robo saa. Kwa wanane, wa kwanza ameshasahau ladha wakati wa mwisho anasubiri.

*Usumbufu.* Ondoa ndevu zote kwanza, hata zile zilizojificha katikati ya mistari, maana zinashika moto na kuruka. Punje hupasuka, kwa hiyo usiinamishe uso juu ya jiko na usimsimamishe mtoto hapo. Mabaki huziba matundu ya jiko. Subiri lipoe kabisa, uyazibue kwa pini.

Na kuna kosa moja ambalo kwenye gesi linaumiza kuliko popote. Mwaka wangu wa kwanza, kwenye chumba tulichopanga watatu, nilipaka hindi pilipili na chumvi kabla ya kuliweka motoni. Nilidhani viungo vitaingia vizuri zaidi. Pilipili iliungua, na moshi wake ukatutoa wote nje tukikohoa na kutokwa machozi. Mama mwenye nyumba alipanda ngazi kuja kuona kuna nini. Alifungua madirisha, akachukua hindi la pili, akalichoma likiwa tupu, kisha akanionyesha nusu ya ndimu: hii ndiyo brashi yako, na inaingia kazini moto ukishazimwa. Sikukosea tena.

*Inamfaa nani.* Aliye gorofani na mtungi wa gesi, mtu mmoja au wawili, anayetaka hindi sasa hivi baada ya kazi.

Oveni

*Makovu na moshi.* Oveni peke yake inaoka, na hindi la kuokwa hutoka la dhahabu, tamu, bila madoa. Makovu yanatoka kwenye moto wa juu. Washa oveni hadi nyuzi 220 au 230, weka mahindi moja kwa moja juu ya waya, dakika 20, ukigeuza mara moja. Kisha yapandishe karibu na moto wa juu, kama sentimita 10, kwa dakika 4 hadi 6, na usiondoke hapo. Madoa yanakuja madogo na ya kulingana. Ni mazuri, ila hayana ule ukorofi wa mkaa.

Wahindi wana njia ya kuongeza moshi mwishoni, wanaiita dhungar. Weka mahindi yaliyoiva ndani ya sufuria, katikati weka kibakuli cha chuma chenye kaa moja dogo lililoiva vizuri, dondoshea matone mawili ya samli, funika mara moja. Dakika tatu mpaka tano zinatosha. Hili lifanyie barazani au nje, kwa sababu ile ile niliyoisema ya mkaa.

*Punje.* Hapa hindi tamu linang'ara. La kienyeji hukauka usipoliangalia, kwa hiyo liache ndani ya maganda yake dakika 15 za mwanzo, kisha limenye.

*Muda na wingi.* Hapa ndipo oveni inapozipita zote: mahindi manane au kumi kwa pamoja, mikono yako ikiwa huru. Nimewahi kuchomea futari hivyo, sambusa zikiwa kwenye mafuta na uji ukiwa jikoni, na mahindi yakajiivia yenyewe.

*Usumbufu.* Moshi karibu hakuna, kusafisha ni kufuta tu. Gharama ya umeme ndiyo ya kufikiria. Kuwasha oveni nzima kwa hindi moja ni hasara.

*Inamfaa nani.* Familia kubwa, mwenye shughuli nyingine jikoni, na aliye nchi ya baridi.

Kuhusu vile vikaangio vya hewa moto vya mezani: ni oveni ndogo tu. Nyuzi 200, dakika 12 hadi 15, mahindi mawili au matatu yaliyokatwa nusu. Yote niliyosema ya oveni yanavihusu, isipokuwa wingi.

Tawa

*Makovu na moshi.* Nasema tawa nzito ya chuma, ile ya chapati. Ipashe moto kavu dakika nne au tano, laza hindi, usilisogeze mpaka usikie likichachatika. Kwa kuwa hindi ni la mviringo, makovu yanatoka kama mistari pale linapogusa chuma, na kati ya mistari punje hubaki na rangi yake. Moshi hakuna. Ukilikata hindi vipande vitatu linageuka kirahisi na linapata madoa mengi zaidi.

*Punje.* Nilipoanza sikutegemea kitu, nikashangaa. Ukifunika kwa mfuniko dakika nane za mwanzo, ukigeuza mara tatu nne, hindi linapikwa kwa mvuke wake kama lililo ndani ya ganda, kisha unafunua na kulimalizia kwa ukavu. Kwa hindi la wastani, punje za tawa ni laini kuliko za njia nyingine zote hapa.

*Muda na wingi.* Dakika 12 hadi 15, mahindi mawili au matatu kulingana na upana.

*Usumbufu.* Mdogo mno. Hakuna mwali wala cheche, na tawa inakubali jiko la umeme. Usitumie kikaango chenye utando wa kutogandisha kwa kazi hii, kwa sababu utando huo haufai kupashwa moto mkali kikiwa kitupu.

*Inamfaa nani.* Mpangaji wa chumba kimoja, mwanafunzi wa bweni, mwenye jiko la umeme, na mwenye watoto wadogo wanaozunguka jikoni. Inamfaa pia mzee asiyeweza kung'ata gunzi. Kata punje kwa kisu baada ya kuiva, zirudishe kwenye tawa na siagi kidogo, zitie masala na ndimu, mpe kwenye kikombe na kijiko. Uhindi punje hizi za kikombe zinauzwa mitaani bega kwa bega na bhutta lenyewe, kwa hiyo mzee wako hajapewa chakula cha mgonjwa.

Masala, kwa moto wowote

Kwa mahindi sita: chumvi ya kawaida kijiko kimoja cha chai, chumvi nyeusi nusu kijiko, pilipili nyekundu ya unga kijiko kimoja, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu ikasagwa nusu kijiko, na unga wa embe mbichi zilizokaushwa nusu kijiko ukiupata. Pilipili ya Kashmir ina rangi kali na ukali mdogo, inafaa kwa wenye watoto.

Chumvi nyeusi ndiyo itakayokushangaza. Ikisagwa ni ya waridi iliyofifia, na ina harufu ya yai lililochemshwa kwa sababu ya salfa. Usiogope ukifungua pakiti. Juu ya hindi la moto, pamoja na ndimu, harufu ile inageuka kuwa kitu ambacho ulimi unakitafuta tena. Utaipata kwenye maduka ya viungo Marikiti, Mombasa, kwenye maduka ya Wahindi Parklands, Nairobi, na huko ughaibuni kwenye duka lolote la vyakula vya Kihindi. Ukiikosa, usiahirishe. Wauzaji wengi niliowaona Sinhagad walikuwa na chumvi na pilipili tu kwenye kisahani, basi.

Kata ndimu katikati, ichovye, isugue kwa kufuata mifereji iliyo kati ya mistari ya punje huku ukiikamua kidogo. Maji ya ndimu yanaiyeyusha chumvi na kuiteremsha kati ya punje, mahali ambapo ukinyunyiza kwa vidole haifiki. Fanya hivyo hindi likiwa bado linakuunguza. Likishapoa, masala hukaa juu na kumwagika kwenye nguo. Limau ni mbadala, ila ndimu ina ukali unaohitajika.

Uchague upi, kulingana na hali yako

Una ua, wageni wanakuja na mahindi ni ya kienyeji: washa mkaa mapema, na uchome mahindi na maganda yake ya ndani kabla ya kuyamalizia. Kama wageni ni zaidi ya kumi, yachemshe yaive nusu kabla hawajafika, ili kila hindi likae juu ya makaa dakika nne tu na foleni isiwe ndefu.

Uko gorofani na gesi, ninyi wawili, hindi changa: gesi, bila kufikiri sana. Hindi likiwa gumu, sufuria ya presha kwanza.

Uko Muscat, London au Toronto na jiko la umeme, na mahindi ya dukani ni yale matamu: tawa ukiwa peke yako au wawili, oveni mkizidi watatu. Kwa hindi tamu punguza muda wa kuoka hadi dakika 12 hivi na uweke nguvu kwenye moto wa juu, maana halihitaji kulainishwa.

Unaandaa futari au chakula cha mchana cha watu wengi na majiko yote yamejaa: oveni. Na yakibaki mahindi, yakate vipande uyatie kwenye mchuzi wa tui la nazi. Wahindi wa Afrika Mashariki wana pishi la namna hiyo, wanaliita makai paka, na makovu ya moto yanalipendeza sana.

Una mzee au mtoto asiye na meno ya mbele: tawa, punje zilizokatwa, pilipili nusu.

Unataka moshi lakini huna pa kuwashia mkaa mwingi: tawa au oveni kwa kuivisha, kisha kaa moja la dhungar barazani.

Na ikiwa mkaa umeshawaka uani, mvua ikashuka ghafla na huna baraza, yaache makaa yazimwe na mvua. Jiko lisivuke kizingiti. Ingia ndani, washa gesi au tawa, chovya ndimu, ule hindi lako ukiitazama mvua dirishani.